Bata wa Mpira na Basi la Hristozov

Bibi Pencha alikuwa akimwagilia maua mgongoni mwa bata maji wake wawili, waliokatwa kutoka matairi makuukuu kama wale wa kila nyumba kijijini, basi la shule lilipopita kuelekea mlimani. Bata wakainamisha shingo.

"Shikamoo, bibi," wakasema.

"Marahaba," likaitikia tairi la mbele la basi, kwa sauti ya mgonjwa wa kifua.

Bibi Pencha akaweka ndoo chini. Bata wake wana adabu, hawajawahi kumwamkia mdogo wao. Lakini wao ni matairi yaliyostaafu zamani. Kumbe mjukuu wake Yoana anapitishwa kwenye kona za mlima juu ya tairi lililo bibi yao!

Jioni alimkuta Hristozov, mwenye basi, mezani nje ya baa, basi limeegeshwa kando. Akaliinamia tairi, akasugua matope kwa kitambaa chake cha kichwa. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umechapwa ubavuni: 2003. Mpira umepasukapasuka kama kisigino.

"Wewe Hristozov, huna haya? Hili lilitakiwa kutupwa kabla mama yake Yoana hajaolewa!"

"Punguza moto, bibi. Tazama kashata zake, meno haya, kidole kinazama katikati! La kutupa ni tairi kipara. Hili lilikaa stoo tu, halijatembea."

"Hata mimi nimekaa nyumbani tu. Nifunge mimi kwenye basi lako, tuone!"

Baa nzima ikacheka. Mkaguzi wa magari, aliyekuwa akila supu ya matumbo meza moja na Hristozov, akasema bata aliwasikia, wamelelewa vizuri, na stika ya ukaguzi ameshaibandika kiooni.

Jumatatu tairi likapasuka mlimani. Basi likajibamiza kwenye mwamba, Yoana akavunjika mkono. Hristozov akailaumu lami, akachomoa stoo tairi jingine, zee kuliko lile, lenye kashata za kupendeza.

Basi liliporudi barabarani, bata wa kila nyumba walipiga magoti, maua yakamwagika. Akina mama wakawangoja wamalize kuamkia, kisha wakapandisha watoto. Shule ya kijiji ilishafungwa, na basi ni hilo hilo. Bibi Pencha akampandisha Yoana kwa mkono usio na plasta, akashuka, akalitemea tairi mate.

"Asante, mwanangu," likasema tairi. "Nilikuwa na kiu."