Waya wa Eti

Kwa wiki tatu mshale wa kipimajoto cha jungu namba mbili ulicheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga.

Kiwanda chetu cha mafuta ya pamba pale Igogo kilikuwa na majungu matatu ya kupikia mbegu kabla hazijakamuliwa. Zikiiva kupita kiasi, mafuta yanatoka meusi na yananuka. Zisipoiva, mafuta yanabaki kwenye mashudu na wanaofaidi ni ng'ombe. Mpishi hawezi kuonja, anategemea mshale. Na mshale ulikuwa ukisema tisini, halafu mia na thelathini, halafu mia na tano, yote hayo kabla hujamaliza kupiga chafya.

Waya wa jungu hilo aliufunga upya Mzee Maige, fundi wa hapo kwa miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo Jumamosi, saa nne asubuhi, kamati ya wafanyakazi ingekaa kuamua kama abaki fundi au apelekwe kubeba magunia ya mbegu. Mgongo wake usingeyaweza magunia, na kila mtu alijua. Jumatano meneja, Ndugu Apolinary, akaniita.

"Ndugu Kokushubira, wewe una stashahada. Tafuta ugonjwa wa kile kitu kabla ya Jumamosi."

Stashahada nilikuwa nayo kweli, na wale ambao hawakuijua nilikuwa nimeshawajulisha. Nilikuwa pia na Kiswahili. Mwezi wangu wa kwanza kutoka chuoni nilibandika ukutani mwongozo wa kufunga nyaya, kurasa sita zilizosafishwa maneno ya mkoloni. Hasira yangu kubwa ilikuwa juu ya "eti". Hivyo ndivyo mafundi walivyouita waya unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Waingereza waliuita ethi, karakana ikaulainisha ukawa eti. Nikawatangazia kwamba eti ni neno la wambea, si la mafundi. Nikaandika "ardhi", nikajiona nimelikomboa taifa, angalau upande wa nyaya.

Jumatano hiyo nilianza kwa kulaumu unyevu wa ziwa. Nikafungua kila kiungo, nikasugua, nikakausha, nikafunga. Mshale ukacheza. Nikalaumu kipimo chenyewe, nikaazima cha jungu namba tatu, ambacho siku zote kilikuwa na adabu. Kilipofika namba mbili kikajifunza kucheza papo hapo.

Wilhelmina, mpishi wa jungu, alikuwa amekalia debe akinitazama.

"Dada Koku, mimi nilishakwambia. Ile kinu kubwa ya kukamulia ikiwaka tu, hii mshale inashituka."

"Kinu kile kikubwa kikiwaka," nikamsahihisha, "mshale huu unashtuka."

"Haya. Na bado unashtuka."

Alikuwa ameniambia hivyo tangu wiki ya kwanza. Mimi nilisikia ngeli tu.

Alhamisi ndipo nilipokubali kusikia na habari yenyewe. Nikamwomba azime kinu kikubwa. Mshale ukatulia kwenye mia na kumi. Akawasha, ukaruka. Nikachomoa waya unaotoka junguni, nikaziunganisha pini mbili za kipimo kwa kipande kifupi cha waya, akawasha tena. Mshale ukalala kwenye joto la chumba, haukutikisika. Basi kipimo kilikuwa kizima. Fujo ilikuwa inaingia kwa njia ya waya.

Nikaufuata, hatua arobaini kutoka kwenye kabati la vipimo hadi jungu. Umeme unaopita humo ni mdogo sana, ndiyo maana waya umezungushiwa wavu wa shaba wa kuukinga, ambao mwongozo wangu uliuita ngao. Wavu huo hufungwa kwenye eti mahali pamoja tu, kule kabatini. Ulikuwa umefungwa, tena vizuri. Lakini penye jungu nikaukuta umefungwa mara ya pili, kwa waya mnene uliopita kwenye tundu la ukuta. Nikatoka nje. Kando ya mfereji palikuwa na nondo iliyopigiliwa udongoni, waya umeviringwa juu yake kwa ustadi wa kusuka ukili, na udongo umemwagiwa maji.

Mzee Maige alikuwa karakana akinoa bisibisi.

"Shikamoo mzee. Ile nondo ya nje ni ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Ile ni ardhi." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyokuwa amenakili kwa mkono wake. "Wewe umeandika: 'Ngao ya waya iungwe ardhini.' Ile eti nilikuwa nimeshaifunga kabatini, kama siku zote. Nikasema, msomi wetu anataka na ardhi. Nikaitafuta. Iko nje."

"Na maji?"

"Ilikuwa kavu."

"Mzee, eti na ardhi ni kitu kimoja!"

"Sasa kimoja ulikikataza kwa nini?"

Nilitafuta jibu kwa Kiswahili, nikalitafuta kwa Kihaya.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Nilikuuliza. Nilisema, mwanangu, na eti je? Ukasema neno hilo usilisikie tena humu karakana. Nikanyamaza."

Wavu uliofungwa pande mbili hugeuka barabara. Kinu kikubwa kikiwaka, umeme wa upande wa jungu na wa upande wa kabati hautoshani, basi unakimbilia kwenye wavu kusawazishana, na ule umeme mdogo wa kipimajoto unatikiswa njiani. Nikaufungua waya wa nondo. Wilhelmina akawasha kinu. Mia na kumi. Akazima, akawasha. Mia na kumi. Akapiga vigelegele mpaka wapakiaji wakaja kuuliza nani kajifungua.

Sasa ningeweza kunyamaza. Mshale umetulia, msomi kauponya, na Mzee Maige angebaki yule aliyeuharibu. Sikukusudia uovu huo, lakini Ijumaa niliandika taarifa ya kamati iliyousogelea sana. Nikamsomea Wilhelmina kwa sauti: "Kulijitokeza utata wa kiistilahi baina ya pande mbili husika."

"Tamu," akasema. "Maana yake nini?"

"Maana yake... mwongozo haukueleweka."

"Uliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi si useme hivyo? Mzee wa watu atabebeshwa magunia kwa sababu ya baina!"

Jumamosi nilisimama mbele ya kamati bila karatasi. Nikasema kosa ni langu, Mzee Maige alifanya neno kwa neno nililoandika, na tabu ndiyo hiyo. Walicheka kwa muda ambao ningekuwa na haki ya kuulalamikia. Mjumbe mmoja akauliza kama Wahaya wote huzika nyaya au ni wenye stashahada tu. Kisha wakaamua: Mzee anabaki karakana, na mwongozo wangu usibandikwe tena mpaka yeye ausome kwanza.

Jumatatu akaketi na ukurasa wa kwanza, miwani puani, penseli mkononi.

"Hii 'sanjari' ni chombo gani?"

Nikaeleza. Akaikata. Akakata na "mintarafu", bila hata kuuliza. Mpaka saa ya chai ukurasa ulikuwa umebaki mistari tisa, na inaniuma kukiri, hakuna mstari niliowahi kuandika vizuri kama ile tisa.