Kisanduku Kisichongoja Mtu

Asubuhi ya siku ambayo mume wangu Ayoubu hakurudi, skrini ya duka letu iliwaka yenyewe kama kawaida. Jua lilipanda juu ya bati, paneli zikashika umeme, na sauti yake iliyorekodiwa ikatoka ukutani ikiwaamkia wapita njia: "Hamjambo, watu wa Kasongo! Huu ni mtambo mpya, tunaujaribu." Nyuma yake ilisikika sauti yangu: "Sogea kidogo, Baba Faridah, jua linakupiga usoni." Kisha kicheko chake. Nilikuwa uani nikichambua mchele, nikatabasamu. Yeye alikuwa katika mji wa Salamabila, amekwenda kutafuta mahali pa kutundika skrini ya pili. Habari kwamba pikipiki ilimtupa kwenye daraja la magogo ilifika kabla mchele haujaiva.

Walimzika, nami nikaingia eda katika chumba kinachopakana na duka. Kila asubuhi, nyuma ya ukuta, aliamka kabla yangu na kuwasalimu watu.

Sauti ile ilikaa katika kisanduku cheusi kilichofungwa mgongoni mwa skrini. Tulikibishania sana tulipokuwa tunachagua. Mimi nilitaka kompyuta.

"Kompyuta naijua tangu shule," nilimwambia. "Hicho chako ni kikopo cha sukari."

"Kikopo cha sukari hakina feni. Kompyuta itameza vumbi lote la barabara hii. Ikifika Ramadhani inakohoa."

"Basi tuchomeke flashi kwenye televisheni yenyewe."

"Umeme ukikatika ukarudi, televisheni inabaki na uso wa buluu, inangoja rimoti. Kompyuta inangoja kidole. Mimi nataka kitu kisichongoja mtu, Mama Faridah. Jua likiamka, nacho kiamke. Siku ambayo sipo, je?"

"Utakuwa wapi?"

"Labda nitakuwa nimeoa Salamabila."

Nilimtupia ungo. Akaudaka akicheka, na kisanduku kikanunuliwa. Salamu ile ilikuwa ya kujaribu sauti tu. Alisema ataiondoa kesho yake. Kesho hiyo ilikuja na kazi zake, na nyingine baada yake. Nenosiri la kukifungua alikuwa nalo kichwani. Sikumwuliza, kwa sababu hakuna mtu anayemwuliza mumewe jambo kama hilo akiwa anakula mbele yake.

Skrini ilitangaza bei ya mchele, mizigo iliyofika, vitu vilivyopotea, na misiba. Ayoubu aliweka picha ya marehemu, jina, na nyumba ya kilio. Polepole watu wakazoea hivyo. Msiba ambao haujaonekana ukutani kwetu waliuita uvumi, na mtu wa mbali hakufunga safari kwa uvumi. Msiba wa Ayoubu haukuonekana. Hakukuwa na aliyeweza kuuweka.

Siku moja ya soko, mwanamke alibisha hodi uani akiwa na jogoo kwapani. Alikuwa Mama Ernestine, mkulima wa kijiji cha Wamaza. Diploma ya mwanawe ilidondoka kutoka kwenye pikipiki, Ayoubu akaitangaza, ikapatikana.

"Baba Faridah iko wapi?" alimwuliza binti yangu kwa furaha. "Nimemuona sasa hivi pale ukutani, ameniamkia, lakini dukani hayuko. Mwambie asijifiche, jogoo huyu haumi mutu!"

 Nikatokeza mlangoni na nguo zangu nyeupe.

Mama Ernestine alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nani amekufa, dada?"

Nilitazama ukuta wa duka. Jogoo alimponyoka.

"Lakini skrini haikusema," alinong'ona. "Watu wa pikipiki wanatuambia, Ayoubu anawasalimu. Wamaza yote hatujui." Akaketi chini, akalia kilio cha mtu aliyechelewa. "Tungekuja, dada. Hata kwa miguu tungekuja."

Alipoondoka nilibaki nimekaa pale pale. Miezi hiyo nilikuwa nimewanung'unikia watu wa Wamaza, wa Nyangwe, wote aliowatangazia wafu wao bure. Kumbe walikuwa wakipita, wakisalimiwa, wakienda zao.

Nilimwita Zakaria, mdogo wa Ayoubu.

"Nenosiri hatuna, shemeji," alisema. "Nyuma ya kisanduku kuna tundu. Ukilidunga sindano, kinasahau kila kitu na kuanza upya. Au tununue kompyuta, na hicho ukifungie kwenye sanduku lako la nguo."

Niliitaka sana hiyo ya pili. Nikafungua kinywa kuikubali, nikauliza kwanza: "Asubuhi ataiwasha nani?"

"Mimi."

"Na siku umekwenda Nyangwe kununua samaki?"

 Maneno yale hayakuwa yangu, na sote wawili tulijua yalikuwa ya nani.

Kesho yake Faridah aliirekodi salamu kwa simu yake. Kisha nikampa Zakaria sindano yangu ya kushonea kofia. Nilirudi chumbani nikaweka kiganja ukutani. "Hamjambo, watu wa Kasongo," ukuta ulisema. Nikajisikia mwenyewe nikimwambia asogee. Kicheko hakikufika.

Zakaria alipouweka msiba wa Ayoubu kwenye skrini, watu wa Wamaza walikuja, na wa Nyangwe. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mama Ernestine alipika.

Rekodi iko katika simu ya Faridah. Hiyo inangoja kidole, na bado sijaibonyeza. Skrini inawaka yenyewe jua linapofika kwenye paneli. Inaanza na picha ya Ayoubu, jina lake, na mahali alipozikwa. Baada ya hapo inaonyesha bei ya mchele.