Sare ya Noeli

Skolastika alifika mazoezini udongo wa shamba ukiwa bado kwenye kucha. Tangu alfajiri alikuwa akipanda mahindi, kiuno kikimuuma kila alipoinama, na mvua ilipomkuta hakuona haja ya kwenda kwanza nyumbani kubadili nguo. Kanisa la kigango lilikuwa njiani. Aliingia kwa mlango wa pembeni, akakuta wanakwaya hawaimbi. Fundi cherehani kutoka Nachingwea mjini alikuwa katikati yao, anawapima mabega.

Kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya benchi, cha bluu, chenye maua ya dhahabu. Akakigusa ukingoni kwa kidole kimoja.

"Mama Fidelisi, mikono hiyo!" Letisia, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amemwona. Mume wake alikuwa mnunuzi wa ufuta, na bati lote la kanisa alilinunua yeye. "Utatuchafulia."

"Samahani, Mwenyekiti."

"Halafu jina lako silioni kwenye orodha ya sare."

"Korosho zangu ziko ghalani tangu mwezi wa kumi. Hela haijatoka. Nilidhani nitavaa ile ya Pasaka."

Ile ya Pasaka ilikuwa na miaka sita. Kwapani ilikuwa imechujuka hadi haijulikani ilianza na rangi gani. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Letisia akamvuta kando, karibu na pango la Noeli walilokuwa wamelijenga kwa nyasi na maboksi. Akashusha sauti, ya mtu anayetaka kueleweka.

"Mwaka huu tuna mgeni rasmi. Anatuletea kinanda. Na kuna kijana anatoka Mtwara kuturekodi video. Sasa mmoja akivaa tofauti, video yote inaharibika. Si mimi, ni kamati."

"Basi nitakaa na waumini."

"Ukae na waumini, wimbo wa Mtoto atauanza nani?"

Miaka thelathini na mmoja Skolastika alikuwa sauti ya kwanza ya kigango kile. Alimzika mumewe Ijumaa, Jumapili akaimba.

"Utaimba ukiwa sakristia," Letisia akasema. "Tutakuwekea maikrofoni. Mdogo wangu Blandina atasimama mahali pako, atafungua mdomo tu."

"Freshi tu, bibi," Blandina akadakia, mikono juu, fundi akimpima kiuno. "We shusha sauti, mimi nauza sura."

Katekista alikuwa mbele, anapanga masomo ya mkesha. Skolastika akamgeukia. "Mwalimu, na wewe umekubali?"

Katekista akafunua ukurasa. "Mama Fidelisi," akasema, "sadaka si lazima ionekane."

Jioni alimsimulia jirani yake, Mwanaima, aliyekuwa anapeta mtama barazani. Mwanaima akaacha ungo.

"Kwani Nabii Isa alizaliwa na sare?"

Skolastika akacheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Nina gauni langu la Idi," Mwanaima akasema. "Nimelivaa mara moja tu. Chukua."

"Si rangi yao, shoga."

"Basi usiende."

"Nisipoenda watasema nina kiburi." Akajikuna matope yaliyokauka kwenye kisigino. "Na Noeli nisipoimba nitafanya nini? Nitakaa hapa niwaangalie kuku?"

Siku ya Noeli alitangulia watu wote, kama alivyoagizwa. Kasakristia, kachumba ka mavazi ya padre nyuma ya altare, kalikuwa kembamba, kananuka nta na nguo zilizokaa. Maikrofoni ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mgongo wa kiti. Hakuna dirisha, ila matundu ya tofali juu ukutani. Kupitia ufa wa mlango wa altareni aliona mgongo wa Blandina, bluu na dhahabu, na viatu vyeupe vya wanakwaya wote vimepangana mstari mmoja.

Ulipofika wakati wake, aliimba.

Wimbo ulikuwa wa Mtoto aliyelala juu ya majani, hana shuka, mamaye akimfunika kwa mkono. Aliuanza taratibu, akaupandisha pale ambapo wengine huishiwa pumzi. Kiuno kilimuuma, akashika ukuta. Kanisa likatulia hadi watoto wachanga wakanyamaza. Akamaliza, na vigelegele vikapigwa upande wa pili wa mlango.

Mgeni rasmi alisimama. Alisema hajapata kusikia sauti kama ile, akamwita mbele yule binti aliyeimba. Akamkabidhi doti ya khanga na bahasha. Blandina akageuza macho mara moja kuelekea sakristia. Kijana wa video akamwambia atazame kamera.

Baada ya misa mhudumu wa altare aliingia, akafungua maikrofoni, akakunja waya. "Subiri kidogo, mama, usitoke sasa. Picha za pamoja zinapigwa hapo nje." Akatokea altareni, akafunga komeo kwa upande wake.

Skolastika akasubiri. Harufu ya pilau ikaingia kwenye matundu. Tangu jana mchana alikuwa hajala. Akasikia hatua za katekista zikija kwa nje, zile zile za kila Jumapili, kisha mnyororo kwenye mlango wa nje, kisha kufuli.

"Mwalimu! Nipo humu!"

Lakini nje spika zilikuwa zimeanza kuunguruma. Kijana wa Mtwara alikuwa anawaonjesha wageni alichorekodi. Wimbo wa Mtoto ukamwagika uwanjani, mkubwa kuliko alivyouimba, ukapita juu ya sahani na vijiko.

"Mwalimu! Mwenyekiti! Jamani!"

Kila alipopaza sauti, sauti yake mwenyewe ilimpita.

"Blandina, umetisha!" mtu akasema karibu kabisa na ukuta, mdomo umejaa chakula.

Akagonga mlango kwa kiganja, mara mbili. Nje ubeti wa tatu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, ule mrefu kuliko zote, na watu walikuwa wakipiga makofi.