Chapati Moja, Jumapili ya Msamaha

Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima kila mtu mjini humu huomba msamaha, na Rimma Pletneva alianza kuomba kabla tramu yake haijatoka karakana.

"Nisamehe, Tonya," alisema kwenye redio huku akipuliza vidole. "Najua nimechelewa. Reli ya getini ilikuwa imeganda, nimeikwangua barafu kwa chuma."

"Mungu akusamehe, nami unisamehe," Tonya alijibu, kama inavyojibiwa. Tonya ndiye aliyepanga zamu za madereva, na sauti yake haikukaa kanisani muda mrefu. "Na ile habari ya kubadilishana zamu, sahau. Watatu wameacha kazi wiki hii. Nikikuachia wewe uende, tramu naiendesha mimi?"

"Kidogo tu, Tonya. Mtoto anateleza barafuni leo mbele ya kamati."

"Kila mtu ana mtoto, shoga. Ondoa gari."

Rimma akaondoa gari. Nyuma ya chumba chake cha udereva, kwenye kiti cha kwanza chenye hita chini yake, Ulyana alikuwa amelala kichwa kikiwa juu ya begi la viatu vya barafu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na alijua kulala kwenye kiti kile kama wenzake wanavyojua kulala kitandani. Kila siku ya shule walitoka na tramu ya kwanza, kwa sababu shule ya kuteleza barafuni iliwapa watoto alfajiri. Barafu ya jioni ilikodishwa kwa mabwana wa makampuni, wenye vitambi, waliopenda kufukuza kisahani cha mpira kwa magongo na kisha kuoga maji ya moto yote yakaisha.

Ulyana aliamka penye mwinuko wa kiwanda cha matairi. Akasimama katikati ya behewa tupu, akajitazama kwenye kioo cha dirisha lenye giza na kuanza kubana nywele, pini mdomoni.

"Umelala?" Rimma aliuliza bila kugeuka.

"Nimelala."

"Umekunywa chai?"

Ulyana alitoa pini mdomoni. "Nimesukutua."

Rimma alijua maana yake. Tangu jana mchana mtoto alikuwa akitia maji mdomoni na kuyatema. Leo kamati ingechagua wasichana wa kwenda kwenye mashindano ya mkoa. Atakayechaguliwa angebaki kwenye kundi linalofundishwa bure. Asiyechaguliwa angetakiwa kujilipia barafu, mwalimu na muziki, na Rimma hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Kibustani chao nje ya mji, chenye kibanda na miti ya matufaha, kilikwishageuka viatu, na viatu navyo vilikuwa vimeanza kumbana mtoto. Baba wa mtoto, Gennady, alikuwa kaskazini kwenye visima vya gesi. Mwanzoni alikuwa akija nyumbani kila baada ya mwezi. Siku hizi alikuwa akituma ujumbe.

Kwenye kituo cha sokoni alipanda Bibi Klavdia, mama yake Gennady, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa shali ya sufu. Harufu ya siagi ilitangulia kuingia. Wiki nzima mji ulikuwa unakaanga chapati za maji, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kula chapati hizo kabla ya mfungo.

"Mkamwana, nisamehe kwa yote," bibi alisema, akichungulia kwenye mlango wa dereva.

"Mungu akusamehe, mama, nami unisamehe. Ila mtoto usimpe. Watampima uzito."

"Watampima? Kwani ni nyama ya bucha?"

"Mama!"

"Mimi sisemi kitu." Bibi Klavdia alikaa karibu na mjukuu wake, akafungua shali na kuanza kusema. "Babu yako Yegor alikufa wiki kama hii. Kila mwaka chapati ya kwanza ni yake, na mdogo wa nyumba ndiye anayeila kwa niaba yake. Nani mdogo wa nyumba? Mimi?"

"Bibi, siwezi."

"Yeye hakuuliza kama unaweza. Amekaa huko ana njaa."

Mzee mmoja aliyebeba fimbo ya kuvulia samaki alicheka. "Mama, mpe mimi. Mimi nitamlia marehemu hata kumi."

"Wewe kawalie wa kwenu!"

Kwenye njia panda ya mtaa wa reli swichi ya kugeuzia reli ilikuwa imekwama, kama kila asubuhi. Rimma alivaa glovu, akachukua mtaimbo na kushuka kwenye theluji. Alipiga, akasukuma, akatukana kidogo, kisha akakumbuka siku yenyewe akajisamehe. Aliporudi, sufuria ilikuwa imefunikwa. Bibi Klavdia alikuwa anatazama nje kwa makini mno, kana kwamba maghala yale ameyaona leo tu.

Kwenye kioo cha dereva Rimma alimwona binti yake. Midomo yake ilikuwa inang'aa siagi. Shavu moja lilikuwa limejaa, na mtoto alikuwa anatafuna taratibu sana, macho yamefumbwa.

Rimma aliona, akanyamaza. Alifunga milango na kuondoka. Ilikuwa imepita miezi hajamwona mtoto wake akila kitu kwa macho yaliyofumbwa, na mwendo wote hadi Jumba la Barafu alijisikia kama mtu aliyepewa zawadi asiyotakiwa kuitaja.

"Usiogope ule mruko wa pili," alimwambia mlangoni.

"Siogopi. Utakuja?"

"Mapumziko yangu yanaangukia kituo cha mwisho. Nitakimbia."

Kituo cha mwisho kilikuwa nyuma ya Jumba lenyewe, tramu zinapogeukia. Adhuhuri Rimma aliegesha, akafunga breki, akawaambia abiria wawili wa kike waliokuwa wanasubiri, "Nisameheni, nakuja," na kukimbia akiwa na kizibao chake cha njano cha kazi. Mlinzi alinyoosha mkono.

"Wazazi hawaruhusiwi, dada."

"Nisamehe, kaka, naingia."

"Mungu akusamehe," mlinzi alisema kwa mazoea, na alipogundua alichosema Rimma alikuwa ameshapita.

Muziki ulikuwa unalia upande wa barafu. Ulyana hakuwa kwenye barafu. Alikuwa ukumbini, mbele ya mizani, amevaa gauni la bluu ambalo Rimma alilishonea vishanga kwa mkono, na juu yake koti la baridi. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi refu, viatu vimefungwa, wanasubiri zamu. Hakuna aliyemtazama.

Mwalimu wao, Inessa Valeryevna, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe la manyoya. Alimwona Rimma akapumua kwa nguvu.

"Afadhali umekuja. Gramu mia tatu, mama Ulyana. Jana hazikuwepo."

"Ana miaka kumi na mmoja. Anakua."

"Akue baada ya mashindano. Nimemuuliza, amekiri mwenyewe. Chapati!" Alilitamka kama mtu anayetaja ulevi. "Nimemtoa kwenye orodha."

"Mweke mwisho wa orodha, lakini ateleze. Nakuomba. Ameamka alfajiri mwaka mzima kwa ajili ya leo."

Inessa Valeryevna aliushusha uso wake, na kwa mara ya kwanza Rimma aliona jinsi alivyochoka. "Unadhani mimi napenda? Kamati ikiona tumbo haimkati yeye, inanikata mimi. Kundi langu linapewa mtu mwingine. Nami nilipimwa hivi hivi, kwenye mizani hii hii, na nilishukuru." Akatazama saa. "Haya. Leo ni Jumapili ya Msamaha, na mimi si shetani. Aombe msamaha mbele ya wenzake. Nitamsamehe, ataingia wa mwisho."

Rimma hakusita hata kidogo. "Nisamehe, Inessa Valeryevna. Kosa ni langu. Nilimwona anakula nikanyamaza."

"Wewe hutelezi. Aseme yeye, na aseme kwa nini. 'Nisamehe kwa kula.' Basi. Maneno matatu."

Ulyana alikuwa amekwishasogea mbele. Alivua koti akalikunja vizuri juu ya benchi, akanyoosha mgongo kama anayengoja muziki uanze. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Mama, sogea," alinong'ona. Kisha kwa sauti ya darasani: "Inessa Valeryevna, nisamehe kwa..."

Hapo Rimma aliliona benchi. Wasichana wote walikuwa wanatazama sakafu, na midomo yao ilikuwa inacheza pamoja na ya Ulyana, bila sauti, neno kwa neno. Hata yule mdogo kuliko wote, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajaota, alikuwa anayajua maneno hayo. Walikuwa wanayajua kama watoto wanavyojua sala ya kulala.

Rimma alimshika binti yake mkono.

"Hapana."

"Mama!"

"Usimalize."

"Mama Ulyana," mwalimu alisema polepole, "ukimtoa hapo alipo, umemtoa moja kwa moja. Sitampokea kesho. Fikiri."

"Nimefikiri. Tangu asubuhi nimeomba msamaha kwa reli iliyoganda, nimeomba kwa mlango wenu, nimeomba kwa abiria wanaonisubiri. Na huyu ningemwombea mpaka usiku. Lakini mtoto wangu haombi msamaha kwa kula."

"Basi hutateleza, Pletneva," Inessa Valeryevna alimwambia Ulyana, siyo mama yake. Akawageukia wengine. "Anayefuata!"

Msichana aliyefuata aliinuka haraka. Alipopita karibu na Ulyana aligusa kiwiko chake kidogo tu, kwa kidole, na kwenda.

Nje theluji ilikuwa imeanza tena. Ulyana alitembea mbele, koti mkononi, vishanga vya bluu vinaonekana na mtaa mzima, na hakutaka kuvalishwa. Abiria walikuwa wamekuwa kundi, na walinung'unika. "Dereva, sisi ni samaki wa kugandishwa?" mwanamke mmoja alisema. Redio ndani ilikuwa inapiga kelele peke yake.

"Pletneva! Pletneva, uko wapi? Mkaguzi amesimama hapa kwangu!"

"Niko. Naondoka."

"Utaondoka na adhabu! Uandike maelezo na uombe radhi kwa mkuu wa karakana, unanisikia? Umenitia aibu!"

Rimma alizima redio, jambo ambalo halikuruhusiwa, na akaondoa gari. Walipita maghala. Walipita njia panda, swichi ikakubali safari hii. Sokoni walikuwa wanamchoma mwanasesere mkubwa wa majani makavu, anayechomwa kila mwaka kuaga baridi, na abiria wote walihamia madirisha ya upande ule kutazama moto. Ulyana peke yake hakutazama. Alikuja akasimama kwenye mlango wa dereva, na sauti yake ilikuwa ndogo na kavu.

"Lilikuwa limebaki neno moja."

"Najua."

"Moja, mama! Ningelisema, ningeingia, ningeruka. Ule mruko wa pili nilikuwa naupata. Nimeupata asubuhi mara zote, hujaniona."

"Sijakuona."

"Hukuulizwa wewe. Mimi nilitaka kusema. Kwangu lile neno si kitu, mimi nalisema kila wiki!"

Rimma alipunguza mwendo kwenye kona. Kila wiki. Yeye alikuwa analeta mtoto mpaka mlangoni kila siku, amemfunga skafu vizuri, na kila wiki mtoto aliingia kusema lile neno.

"Kesho tutaamka saa ngapi?" Ulyana aliuliza.

Mbele ya Rimma reli zilikuwa zinaonekana mbali sana, nyeusi kwenye weupe. Kesho mtoto angeweza kulala mpaka kupambazuke, na wote wawili walijua asingelala.

"Umeniharibia," Ulyana alisema. Sasa alikuwa analia, bila kujifuta, vishanga vinatetemeka kifuani. "Umeniharibia, mama. Niombe msamaha. Leo kila mtu anaombwa. Bibi amekuomba wewe, wewe umewaomba wote. Niombe na mimi."

Kwenye kioo Rimma aliuona uso wa binti yake, mashavu yaliyobonyea, midomo iliyopasuka, na kwenye pembe ya mdomo siagi kidogo iliyokaukia pale tangu asubuhi.

"Siombi," alisema, akasimamisha gari kituoni na kufungua milango.