Kumbukumbu ya Kupewa

Siku ya kuzaliwa ya Sietske viti vilipangwa duara sebuleni kama kila mwaka, na kwa desturi ya kwao kila aliyeingia alizunguka akimpa kila mtu mkono: hongera kwa dada yako, hongera kwa jirani yako. Sietske alikaa na kipande chake cha keki, akiwatazama kwa upendo na haya kidogo. Homa ya ubongo ilikuwa imemfutia kila alichokumbuka kuhusu marehemu mama yake. Picha zake alizitazama kama picha za mtu asiyemjua.

Kisha hospitali ikampa kumbukumbu moja. Mtu fulani alikubali itolewe kichwani mwake ipandikizwe katika kichwa cha Sietske, na ikishatoka, kwa mwenyewe hairudi tena. Sheria ilikataza kumtaja. Daktari alimwambia ashukuru kimoyomoyo, lakini Sietske hakuona vipi mtu akupe mama yako halafu usimwambie asante. Tangu hapo alikuwa akimtafuta katika kila uso.

Katika kumbukumbu hiyo mfereji ulio nyuma ya shamba umeganda. Msichana mwenye kofia ya buluu amezama hadi kifuani, na mama amelala kifudifudi juu ya barafu akimnyooshea skafu, akimwita kwa sauti tulivu kana kwamba chakula kiko tayari. Msichana huyo ni yeye. Kujiona hakukumshangaza, hata ndotoni watu hujiona.

Madaktari walikuwa wamewakataza ndugu kumhadithia lolote la mama mpaka kumbukumbu ikae vizuri. Marufuku hiyo ilikuwa imekwisha wiki ileile, kwa hiyo shangazi Jikke alimgeukia Wobbe, kaka yake Sietske, akamtaka asimulie hadithi ile ya barafu, aliyokuwa akiisimulia kila mwaka.

"Mwaka huu mnisamehe," Wobbe alisema. "Nimeichoka."

"Umeichoka wewe? Na sisi uliotuchosha tuseme nini?"

Wobbe akainuka, akasema anakwenda kutengeneza kahawa, ingawa birika lilikuwa pale mezani, limejaa. Basi shangazi akaisimulia hadithi mwenyewe. Akaeleza jinsi mama yao alivyomvuta Sietske majini, na yule mvivu Wobbe kasimama ukingoni anakula tufaha. Wote wakacheka.

Sietske hakucheka. Katika kumbukumbu yake hapakuwa na tufaha. Palikuwa na soksi za sufu zilizolowa, zimeshikwa kwa mikono miwili midogo, na siku zote alidhani baridi ile ilikuwa ya maji tu. Akaweka sahani chini, akamfuata kaka yake jikoni.

"Hukuwa unakula tufaha," alimwambia.

"Tufaha gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Sietske akashika ukingo wa meza. Alipomuuliza kama ndiye aliyeitoa kumbukumbu ile, Wobbe alianza kutaja sheria, kisha akaishia njiani.

"Najua niliwahi kuisimulia," alisema. "Nikifungua mdomo tu wanacheka. Ila nikiitafuta, Sie, hamna kitu. Zaidi ya hilo neno barafu, sijui hata inahusu nini."

"Barafu ilikuwa inapasuka chini ya mama. Wewe ulilala nyuma yake, ukamshika vifundo vya miguu. Ungeachia, tungezama mimi na mama."

"Mimi?"

"Kwa mikono yote miwili. Baridi yake ninayo mimi sasa."

Wobbe akaitazama mikono yake. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hakuwahi kumwambia mtu. Sietske akamjibu kwamba inaonekana alipenda zaidi watu wacheke.

"Asante, kaka," akasema. "Kwa siku ile. Na kwa kunipa mama."

Wobbe akapangusa pua kwa taulo la vyombo. Sebuleni shangazi aliuliza kama kahawa inalimwa huko au vipi.

"Anza mwanzo," Wobbe akasema, akivuta kiti. "Usiruke kitu."

Sietske akaketi karibu naye, akaanza na asubuhi yenyewe, mama alipokuwa akiwafunga skafu mlangoni.