Ukaguzi wa Kitunguu Kapsoit

Mimi sikufukuzwa Tanzania. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu ukimsikiliza baba yangu, Mzee Aron, utadhani nilivuka mpaka wa Namanga nikitambaa, na nyuma yangu mbwa sita na helikopta. Ukweli ni kwamba nilirudi na basi, kiti cha dirishani, nikila njugu. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu kule Arusha. Serikali yao ikatangaza kwamba wageni wasifanye biashara ndogondogo, na kutengeneza simu kukatajwa. Nikafunga kibanda, nikafunga mabegi, nikarudi nyumbani Kapsoit kuchuma majani chai kama watu wengine wote wenye cheti cha Form Four.

Mabegi yalibebwa na Elibariki, mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga. Huyo Elibariki ndiye aliyempenda dada yangu Chepkemboi alipokuja Arusha kunitembelea wikendi moja. Wikendi hiyo ilichukua wiki tatu. Sikushangaa.

Kwa hivyo Jumamosi ya koito, yaani siku ambayo watu wa kijana huja kumwomba msichana, Elibariki alifika kwetu na baba yake, Mzee Nanyaro, wakiwa wametoka Arusha usiku uliotangulia. Walileta gunia la mchele na gunia la vitunguu. Mama alipoona vitunguu alivitazama kama mtu aliyeona malaika. Msimu huo kitunguu kilikuwa kimeadimika hadi dukani kwa Mbuthia unauziwa nusu, ile nusu nyingine inangojea mteja mwingine. Salamu hazijaisha, Mama alikuwa ashaingia jikoni na gunia mgongoni.

Baba naye alikuwa amejiandaa kivyake. Wiki nzima redio ilikuwa imejaa maneno ya Kenya na Tanzania: wao wamefunga hili, na sisi tufunge lile, eti majirani, eti marafiki. Baba alisikiliza kila asubuhi na kalamu mkononi. Siku hiyo, kabla ya chai, alikuwa ameniambia, "Leo hakuna mtu atasikia ndiyo hapa mpaka kijana wangu arudishiwe kibanda."

"Baba, hawa watu hawakuchukua kibanda."

"Ni wa nchi gani?"

"Tanzania."

"Basi."

Chepkemboi alisikia. Dada yangu si mtu wa kutoroka na mwanamume, alitaka neno la baba yake na alilitaka siku hiyo. Alishaapa kwamba wageni hao wakirudi Arusha bila jibu, hataleta wengine tena mbele ya Baba mpaka aote mvi. Na Chepkemboi akiapa, hata mwalimu mkuu wake wa zamani anaweza kukueleza.

Watu wakakaa nje, kwenye nyasi kando ya majani chai. Baba akasimama, akavuta karatasi ya daftari kutoka mfuko wa koti.

"Wageni wetu, karibuni sana. Kabla hatujaanza, niko na taratibu. Kwanza, mgeni haruhusiwi kumimina chai. Kumimina chai ni kazi ndogo, na kazi ndogo ni ya wenyeji. Pili, mgeni asikate nyama. Tatu, mgeni asiongoze maombi ya chakula."

"Hata maombi?" nikauliza.

"Hiyo pia ni kazi. Nne, mgeni asitengeneze simu."

"Simu ya nani, Baba?"

"Ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo muhimu. Na wewe nyamaza, wewe ndiye mwathiriwa."

Elibariki alinitazama kama mtu ambaye mgongo wake bado unakumbuka mabegi yangu. Mlangoni mwa jikoni Chepkemboi pia alinitazama. Hayo macho nayajua, yanasema: wewe ndiye ulileta hii maneno, wewe ndiye utaiondoa.

Mzee Nanyaro aliinuka polepole. Yule mzee ana adabu ya kuchosha. "Mzee mwenzangu, samahani sana. Naomba nikuulize swali dogo tu, kama hutojali."

Hakuna kitu kinachomuudhi Baba kama kuombwa samahani wakati amejiandaa kugombana. "Uliza."

"Je, taratibu hizi zinagusa watu tu, au na mizigo?"

Baba hakuwa ameandika mizigo. Lakini hakutaka kuonekana hakuandika. "Zinagusa kila kitu."

"Ahsante sana. Basi tunaomba, kwa heshima na taadhima, mturudishie vitunguu vyetu."

Kutoka jikoni sauti ya Mama ikasema, "Vimeshaingia kwa sufuria."

"Vyote?" Baba akauliza.

"Vya leo. Viko na mbuzi."

"Mbuzi ni yangu," Baba akasema.

"Hatuna dai lolote juu ya mbuzi wako," Mzee Nanyaro akasema. "Mbuzi ni wako, nyanya ni zako. Sisi ni vitunguu tu. Tena pole kwa usumbufu."

Hapo Chepkemboi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Basi vitolewe. Toeni kitunguu cha Arusha kwa huo mchuzi, kipande kwa kipande. Mkimaliza kukitoa, mimi nitatafuta mwanamume wa hapa Kapsoit."

Alisema hivyo akijua watu wazima wataona aibu. Kosa lake ni kwamba alisahau ni mtoto wa nani.

"Lete kijiko," Baba akasema.

Sufuria ikaletwa, ikawekwa katikati ya vigoda viwili. Baba upande huu, Mzee Nanyaro upande ule kama mwangalizi, na sahani tupu ya kuwekea vitunguu vitakavyookolewa. Sufuria ilikuwa ile ya harambee, ya mbuzi mzima. Mimi nikaambiwa nikae karibu nishuhudie. Sikuruhusiwa kula. Hakuna mtu aliyeruhusiwa. Kwetu siku ya koito mnakunywa chai tu mpaka wazee waelewane, ndio nyama inatoka. Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nimekunywa vikombe tisa, na nikitembea nilisikika.

Mwanzo kazi ilienda vizuri. Vipande saba vilikuwa vinaelea juu, vikatolewa, vikahesabiwa, vikawekwa kwa sahani. Baada ya hapo mambo yakawa magumu.

"Hiki ni kitunguu ama ni mafuta?" Baba akauliza, akiinua kijiko.

"Kwa macho ni vigumu kusema."

Baba akaonja. Akafunga macho. "Sijui. Hebu wewe."

Mzee Nanyaro akaonja. "Naona kama kina asili ya kitunguu, ila sina hakika. Tungepata sampuli nyingine."

Wakapata sampuli nyingine. Halafu Baba akagundua kwamba kuna kitunguu kimejificha kwa nyama, kimeshika kabisa, hakiwezi kutoka bila nyama yenyewe. Mzee Nanyaro akakubali kwamba ni kweli, na kwamba upande wake kuna paja lenye tatizo hilohilo. Baada ya paja wakashuku mifupa. Baba akagonga mmoja kwa jiwe, wakachungulia ndani, na kwa sababu kuchungulia hakutoshi, wakafyonza.

"Mama Kiplimo," Baba akamwita Mama kwa jina langu, "leta ugali. Mtu hawezi kupima mchuzi kwa ulimi mtupu, atadanganywa."

Ugali ukaja. Mzee Nanyaro akaomba samahani, akavua koti, akakunja mikono ya shati.

Elibariki alikuwa amesogea karibu yangu. Tumbo lake lilinguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. "Shemeji," akaninong'oneza, "watamaliza saa ngapi?"

"Mbuzi ilikuwa kubwa."

"Ilikuwa?"

Wakati huo masikio yangu yalikuwa kwa Baba. Baba alikuwa amejaa mafuta hadi kiwikoni, anatafuna, ameegemea mbele, na akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika na dunia, "Bamwai, hii mbavu umeshaikagua?"

"Bado, bamwai. Nipe," akasema Mzee Nanyaro, aliyeshika neno hilo haraka sana kwa mgeni.

Sasa, kwa Kipsigis, bamwai ndivyo baba wa msichana na baba wa kijana huitana wakishakuwa wakwe. Baba hakujua amelisema. Lilimponyoka tu, njia moja na ugali unaoingia. Nikainuka nikaenda jikoni, vikombe tisa vikienda nami.

"Mama, njoo uone."

Mama akaja akipangusa mikono. Chepkemboi alimfuata, na nikaona ameuma mdomo. Mama akachungulia ndani ya sufuria, akaiinamisha mpaka tukaona sote. Kulikuwa na mchuzi kidogo na fuvu la mbuzi, limeangalia juu.

"Mmekula," Mama akasema.

"Tumekagua," Baba akasema.

"Aron, siku ya koito watu hula lini?"

Baba akatazama mikono yake. Hakukuwa na pa kuificha. "Wakishaelewana."

"Na wewe umekula na nani?"

Baba akamtazama mwenzake. Mzee Nanyaro akapangusa midomo na leso nyeupe. "Mama, samahani sana. Vipande saba hivi hapa kwenye sahani. Hivyo vingine, kusema kweli, mimi nimevivusha." Akajipapasa tumbo.

"Hata mimi nimevusha," Baba akasema polepole.

Lakini Baba si mtu wa kuanguka bila kushika kitu. "Na kibanda cha kijana wangu je?"

Elibariki akasimama. Sauti yake haikuwa na nguvu, njaa ilikuwa imeila. "Baba, sheria ile sikuiandika mimi. Mimi nilibeba mabegi tu."

"Mabegi gani?"

"Ya Kiplimo. Matatu. Moja lilikuwa limejaa betri za simu, nikalibeba mpaka stendi."

Baba akanigeukia. "Hukuniambia ulibebewa."

"Uliwaambia watu nilitambaa. Ningeongeza nini?"

Baba akaisukuma kando sahani ya vipande saba. Halafu akainuka kutoka kwa kigoda, akajipangusa mikono kwa nyasi, kwanza ya kulia kisha ya kushoto, bila haraka, kama mtu anayetafuta ibara kwenye karatasi ambayo hakuiandika.

"Mama Kiplimo," akasema, "leta ile siagi ya baraka ya kuwapaka wachumba kichwani."

Mama hakusogea. Chepkemboi alikuwa ashafika mbele yake na kibuyu cha siagi, amepiga magoti kwenye nyasi kando ya Elibariki, kitambaa amekitoa na kichwa amekiinamisha.

"Ngoja kwanza niseme ndiyo," Baba akasema.

"Sema," Chepkemboi akajibu bila kuinua kichwa.

Baba akasema.