Geji ya Klementina na Uzito wa Ndugu Mbonile

Utaikataa hii, lakini ilitokea. Kuna siku mshale mwembamba kuliko njiti ya kiberiti ulimshusha ofisa mzima wa mkoa kutoka kwenye gari, akapanda kilima kwa miguu, ameduwaa kama mtoto anayeona sinema mara ya kwanza. Tulia basi uipate yote.

Mwaka themanini. Vijiji vya Ujamaa vimejaa mahindi, petroli hakuna. Landrova za mkoa zimelala yadi mpaka majani yameota katikati ya matairi. Pale Kasense kitu pekee kilichotembea bila kuomba mafuta kilikuwa kigari cha umeme cha zahanati. Zamani kilibeba magunia kwenye ghala la misheni, padri aliporudi kwao akakiachia kijiji. Matairi manne madogo, bodi la mbao, betri sita chini ya kiti, na usiku kinachajiwa kwenye mtambo wa misheni wa umeme wa maji. Halafu hakina mngurumo. Unatembea zako, unasikia tu mchanga unasagika nyuma, ukigeuka hicho hapo na mgonjwa juu. Kuna watu walikuwa wanakipisha na shikamoo wanakipa.

Shida yake moja: kilizimika bila kuaga. Mara mbili kilimwacha mgonjwa njiani. Ndugu Mbonile, ofisa usafiri wa mkoa, mtu wa Mbeya, mwili mkubwa sauti ndogo, akatamka kwamba kama hakuna chombo cha kuonyesha umeme uliobaki, kigari kinakwenda yadi. Na kila mtu alijua, kinachoingia yadi hakitoki. Hapo akina mama wenye uchungu wangerudi kubebwa kwenye machela mpaka hospitali ya mjini.

Sasa Klementina, dereva wa kigari. Binti wa miaka ishirini na mbili, mhudumu wa zahanati, na redio zote mbovu za Kasense zilipita mikononi mwake. Akachukua mita ya radio kol iliyokufa, ile redio ya kuitana na mjini. Waya mmoja akaufunga kwenye chanya ya betri ya kwanza, mwingine kwenye hasi ya betri ya mwisho, katikati akaweka resista ili umeme usiichome mita. Uso wa mita akaupaka: upande wa kushoto wino mwekundu wa mwalimu, upande wa kulia maji ya majani ya maboga. Alipounga waya wa mwisho, mshale ukanyanyuka wenyewe, polepole, ukaenda kusimama kwenye kijani. Klementina akarudi nyuma hatua mbili. Aliufunga yeye, lakini mwili ulimsisimka.

Siku ya jaribio ikafika, Julai, baridi ile ya Ufipa ya kuumiza meno. Mbonile akaja na masharti. Kigari kimpeleke Bibi Hilaria, mwenye goti bovu, mpaka hospitali. Nyuma yake Adriano, mchungaji wa pale kijijini, atafuata na ng'ombe wawili.

"Mshale ukigusa wekundu tu, nafunga ng'ombe," alisema. "Wanakivuta moja kwa moja mpaka yadi."

Klementina hakuondoka. Akafunua kiti, betri zikapigwa na jua zitoe baridi ya usiku.

"Binti, unaanika betri kama mawe ya redio?" Mbonile akauliza.

Bibi Hilaria akadakia kutoka kwenye bodi. "Ndugu, mimi yangu naanika kila siku, na taarifa ya habari naisikia. Wewe ya jana uliisikia?"

Watu wakacheka, Mbonile naye. Ila ilipofika saa nne, mshale ulikuwa umepanda upana wa kucha, na hakuna mtu aliyeugusa. Kicheko kikaisha. Walikuwa wamejaa pale kwenye kioo wanapumuliana.

Wakaondoka. Tambarare haikuwa na neno. Bibi anaimba, Mbonile amekaa pembeni ya dereva, macho kwenye geji, Adriano nyuma anawabembeleza ng'ombe wake. Kisha kikaja kilima cha mwisho kabla ya mji. Kigari kikapunguza mwendo mpaka kuku angekipita. Mshale ukaanza kuteremka.

Sasa sikia. Chini ya kioo cha ile mita kulikuwa na kiskrubu cha kurekebishia mshale. Ukikizungusha kidogo kwa ukucha, mshale unapanda, umeme uwepo usiwepo. Kati ya watu wote pale, anayekijua ni Klementina peke yake. Mbonile aligeuka kumwangalia Adriano amefika wapi. Kidole cha Klementina kikaenda kwenye kiskrubu, kikatua.

Akamfikiria mama wa wiki ijayo, yuko porini na uchungu, juu ya gari lenye mshale muongo. Akarudisha mkono kwenye usukani.

"Ndugu," alisema, "mshale umegusa wekundu."

Mbonile akaguna. Kigari kilikuwa bado kinatambaa, akashuka tu kama mtu anayeshuka kitandani, akanyanyua mkono kumwita Adriano. Hapohapo mshale ukaruka. Ukatoka kwenye wekundu, ukasimama karibu na katikati.

Mkono wa Mbonile ukabaki hewani. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Wewe umeshuka."

Akapanda tena. Mshale ukaanguka. Akashuka. Ukanyanyuka. Alirudia mara tatu, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Yaani kinanipima mimi," alisema kwa sauti ya kanisani.

"Na mimi nishuke?" Bibi akauliza.

"Kaa, bibi. Mgonjwa ni wewe."

Akaweka kiganja kwenye ubao, akakipanda kilima chote kwa miguu, viatu vyake vya ofisi vimejaa vumbi, macho hayatoki kwenye mshale. Adriano akafika na kamba. "Ndugu, si umegusa wekundu? Nifunge?"

"Sheria niliiweka mimi," alisema Mbonile. "Nilisema gari na mgonjwa. Sikusema gari na Mbonile. Rudisha ng'ombe wako."

Wakafika hospitali. Kigari kikabaki Kasense, na kuanzia siku ile kwenye kilima kile mwenye miguu mizima alishuka bila kuambiwa.

Kuhusu kiskrubu, Klementina alikaa miaka mingi bila kumwambia mtu. Haya, wewe ndiye uko pale kwenye usukani: mshale unateremka, ofisa kageuka, ukucha uko juu ya skrubu. Ungefanyaje?